Nyanya Wawili, Ukuta Mmoja

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii nimeiandika katika insha si chini ya mara kumi tangu nijiunge na shule hii, na kila mara nilipewa alama zangu nikaenda zangu nyumbani. Mwaka huu ndipo iliponigeukia ikaniuliza: na wewe, kwenu ni wapi? Mpenzi msomaji, tulia nikusimulie.

Nyote mnaujua ukuta wa bwalo la chakula unaotazama uwanja. Wenzetu wa kidato cha kwanza huenda wakadhani ulijengwa ukiwa na ile picha. La hasha! Mpaka muhula wa kwanza ulikuwa ukuta wa kijivu uliojaa alama za mpira na maandishi ya watu ambao sitawataja, kwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu angali anawatafuta. Chama chetu cha Kiswahili kilipoomba ruhusa ya kuupamba, mwalimu mkuu alikubali kwa masharti mawili. Rangi tununue wenyewe, na picha ihusu utamaduni wetu. Tukachanga shilingi hamsini hamsini, na mwalimu mlezi wa chama akaongeza kilichopungua.

Kazi ya kuchora kielelezo nikatwikwa mimi, kwa sababu watu wanamjua mjomba wangu. Mjomba ni fundi wa mabango huko kwetu Kangemi. Ukishukia steji ukatembea hatua mia, huwezi kukosa kazi ya mkono wake: kinyozi, bucha, duka la simu, hoteli ya chapati. Mimi nilianza kumshikia ngazi nikiwa darasa la nne. Nikajifunza kuosha brashi, kisha kujaza rangi ndani ya herufi, na mwishowe kuchora vichwa vya watu walionyolewa vizuri.

Basi nikaketi nikachora. Nilichukua kalenda ya duka iliyokuwa imening'inia sebuleni mwetu na kunakili kila kitu: Mmaasai amesimama kwa mguu mmoja na mkuki mkononi, twiga wawili, Mlima Kenya nyuma yao, na jua jekundu kama kaa la moto likitua. Nilipoipeleka chamani, wenzangu walipiga makofi mpaka darasa la jirani likachungulia dirishani. Nilivimba kichwa.

Mwalimu aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni Mmaasai, mwalimu."

"Unamjua?"

"La."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye kalenda!" akajibu mmoja wetu kutoka viti vya nyuma. Lo! Darasa zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu hakucheka. Alisema Wamaasai ni watu wenye majina na nyumba zao, na kama mmoja wetu angekuwa Mmaasai angefurahi kumchora baba yake jinsi alivyo. "Lakini wewe umechora utamaduni wa watu usiowajua ili usichore wako. Kwa nini?"

Sikumjibu. Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa darasani.

Baba yangu ni Mkikuyu wa Uthiru. Mama yangu ni Mmaragoli wa Vihiga. Nina nyanya wawili. Mamake baba ni Shosho, na mamake mama ni Guku. Kangemi si ajabu mtu kuwa hivyo. Kwetu asubuhi unasikia Kikikuyu dukani, Kimaragoli penye bomba la maji, na Sheng kwenye steji. Ajabu ni kwamba nyanya zangu hawa hawajaketi mahali pamoja tangu kabla sijazaliwa. Krismasi tukienda kwa Guku, Shosho haulizi habari za huko. Tukirudi, hatumsimulii. Kwa hiyo nilijua kwamba nikichora kiondo, watu wa mama watasema nimewatupa. Nikichora ngoma ya isukuti, watu wa baba watanuna. Twiga hana kabila, ndiyo sababu nilimpenda.

Jumamosi iliyofuata, mwalimu alitupeleka mjini wanachama kumi na wawili. Tulipanda matatu nambari 23, ile ambayo ubavuni ina picha za wanamuziki watatu na mchezaji mmoja wa mpira, na muziki wake unakutikisa mpaka meno. Mwalimu alituambia kwamba mwaka wa 2004 sheria za waziri Michuki ziliyaamuru matatu yote yapigwe mstari wa manjano, na ile michoro ya mbwembwe ikatoweka kwa miaka. Mjomba bado anausimulia wakati huo kama watu wanavyosimulia njaa.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jumba la mawe katika Moi Avenue lililokuwa benki enzi za ukoloni. Mimi nilikuwa nimelipita mara nyingi nikidhani ni ofisi ya serikali ya kwenda kupanga foleni. Kumbe ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi: vinyago, mapambo, vitambaa na michoro kutoka pembe nyingi za Afrika. Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomea India, akarudi, akapigania uhuru, na mwaka wa 1966 akawa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache kabla ya kujiuzulu. Alifariki mwaka wa 1990. Nilisimama mbele ya picha yake nikawaza kwamba huyu naye alikuwa na nyanya wawili, tena mmoja ng'ambo ya bahari. Wala hakuchagua twiga. Alikusanya vya watu wote akavikalisha nyumba moja.

Kutoka hapo tulitembea hadi Barabara ya Koinange. Tulidhani kuna jumba jingine la kuingia, lakini mwalimu alisimama kando ya barabara, watu wakitupiga vikumbo, akatuambia: "Hapa katika barabara hii ndipo palipoanzia Paa ya Paa."

Sisi wana Kiswahili tulianza kubishana papo hapo. Paa ni mnyama, mwenzake swala. Paa ni kwenda juu. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Paa pia ni kumtoa samaki magamba. Katibu wa chama akasema kisarufi ingefaa "paa apaa". Mwalimu akatabasamu, akasema wasanii wameruhusiwa, na kwamba maana waliyoikusudia ni paa anayepaa.

Paa ya Paa ni jumba la sanaa lililoanzishwa mwaka wa 1965 na Elimo Njau pamoja na wenzake, miongoni mwao mshairi Jonathan Kariara, mwandishi wa habari Hilary Ng'weno na wakili Pheroze Nowrojee. Nchi ilikuwa na umri wa miaka miwili tu ya uhuru. Baadaye jumba hilo lilihamia Ridgeways, karibu na Barabara ya Kiambu. Mwaka wa 1997 moto uliliteketeza na kazi nyingi zikaangamia, lakini wenyewe wakajenga upya.

Elimo Njau hakuwa mzaliwa wa Nairobi wala wa Kenya. Ni Mchagga, aliyezaliwa mwaka wa 1932 huko Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, akasomea sanaa Makerere, Uganda. Kazi yake inayojulikana sana iko Murang'a. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, Wakikuyu waliuana wenyewe kwa wenyewe, na kule Murang'a likajengwa kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa. Njau, angali kijana, ndiye aliyepewa kuta za ndani. Alichora picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane, na msalaba. Mwalimu amezitazama kwa macho yake. Alituambia kwamba watu wote katika picha hizo ni Waafrika, na nchi wanamosimama ni nchi ya huku kwetu, yenye vilima na miti yetu.

Jambo hilo lilinikaa rohoni kutoka Koinange mpaka Kangemi. Mgeni kutoka Tanganyika anaingia katika nchi yenye majeraha ambayo bado hayajakauka. Angeweza kuchora malaika weupe kama walio kwenye kalenda za kanisa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliwatazama watu waliokuwa mbele yake akawatia ukutani. Mwalimu alisema Njau huwafundisha wasanii wasiige, kwa kuwa kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Nikaikumbuka kalenda yangu.

Jioni nilimwambia mjomba. Alikuwa akisafisha brashi kwa mafuta ya taa. Akacheka. "Kuiga? Mimi mteja akitaka Tupac nampa Tupac. Hiyo Tupac ndiyo ilikununulia viatu vya shule." Nilinyamaza kwa sababu ni kweli. Lakini nilipolitazama bango lililokuwa likikauka, niliona ile herufi K ya KINYOZI yenye mkia uliopinda kama wa paka. Hakuna fundi mwingine Kangemi anayeandika K hiyo. Nilimwonyesha. Akaitazama kana kwamba hajawahi kuiona. "Hiyo," akasema, "ni ya mama. Alikuwa akiandika jina langu hivyo kwenye daftari." Mama yake ndiye Guku.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba mwanzoni mwa 2008, watu walipokuwa wakipigana baada ya uchaguzi, aliona Kibera maandishi ya kuomba amani kwenye kuta, kwenye milango, kwenye mabati ya vibanda. Yaliandikwa na mchoraji anayeitwa Solo 7. Huku watu wakikimbia, yeye alishika brashi. "Mimi siku hizo sikushika chochote," mjomba akasema. "Nilikuwa nimejificha. Muulize mamako."

Nikapiga moyo konde nikamwuliza mama. Alikuwa akichambua mrenda na hakuinua macho. Alisema walikuwa wakikaa chumba kimoja hapa hapa Kangemi, na dada yangu alikuwa na mwaka mmoja. Usiku mmoja wa Januari jirani aligonga akamwambia, "Mama, leo usilale hapa." Baba alimsindikiza hadi kituo cha polisi. Alilala huko siku tatu sakafuni na mtoto, kisha akapata basi la Magharibi lililosindikizwa na askari. Shosho hakufika kumuaga. Alipofika Vihiga, Guku aliapa kwamba bintiye harudi tena kwa watu waliomwacha alale kwa polisi. Naye Shosho akasema mjukuu wake ametoroshwa.

Tarehe 28 Februari 2008 viongozi walitia sahihi mkataba wakapeana mikono, na sisi tunausoma katika kitabu cha historia. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa. Mama alirudi Agosti. "Hakuna aliyenipa mkono," akasema. "Nilirudi kwa sababu ya baba yako, basi." Mimi nikazaliwa mwaka uliofuata.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilichora kielelezo kipya: benchi moja la mbao, Shosho ameketi upande huu akifuma kiondo, Guku upande ule akipepeta maharagwe kwa uteo. Nyuma yao si mlima wala jua. Ni Waiyaki Way, matatu ya 23, vibanda, na mtu juu ya ngazi akiandika herufi K.

Chamani hapakuwa na makofi safari hii. Katibu akasema wazi: "Kazi ni safi, lakini ukuta ni wa shule. Mbona nyanya zako tu? Sisi wengine hatuna wazee?" Nilikasirika, nikafungua kinywa kumjibu, nikakosa neno. Alisema haki. Ningewaweka Shosho na Guku peke yao, wenzangu wangekuwa wageni kwenye ukuta wao, kama nilivyokuwa mimi kwa yule Mmaasai.

Basi nikalirefusha benchi. Nililivuta likapita mlango wa bwalo, likapita dirisha la jikoni, mpaka pembe ya ukuta. Kila mwanachama akaambiwa alete mtu mmoja wa kwao, aliyemtazama kwa macho yake si kwa picha ya kununua, na aseme mtu huyo hushika nini mkononi. Ndipo akaja babu wa Kisumu mwenye kofia na redio, shangazi wa Machakos mwenye mtungi, mama wa Eastleigh mwenye birika la chai ya maziwa, nyanya wa Kibera, Mnubi, mwenye kikapu cha rangi kilichosukwa. Mmoja wetu, ambaye hulelewa na kaka yake, alimleta kaka huyo akiwa na bisibisi. Kuna aliyeuliza kama bisibisi ni utamaduni. Mwalimu akajibu kwamba kama ndiyo inayomlipia karo, basi ni utamaduni.

Kazi yenyewe ilituchukua Jumamosi sita. Mjomba alikuja ya kwanza, bila malipo, akatufundisha adabu ya ukuta. Kwanza uoshwe kwa sabuni, kisha upigwe msasa, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya vumbi itakuaga na mvua ya kwanza. Kisha upakwe nyeupe mara mbili na kuachwa ukauke. Kielelezo tulikigawa kwa miraba kwenye karatasi, tukapiga miraba ile ile ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, kila mraba ukubwa wa dawati. Mtu akipewa mraba wake hana haja ya kuogopa ukuta wote. Hata wale wasiojua kuchora walijaza rangi. Chini, karibu na mfereji, ukuta una unyevu, na mjomba alituonya kwamba hapo rangi itabambuka. Imeshaanza, mmeona wenyewe.

Siku ya wazazi ikawadia. Guku hakuweza kuja kutoka Vihiga kwa ajili ya miguu. Shosho alikuja kutoka Uthiru, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Baba alimshika mkono akamleta mbele ya ukuta, na mama akasimama nyuma yao kidogo. Moyo wangu ulidunda kama ngoma.

Shosho alijitazama. Kisha akamtazama aliyeketi naye. Akaniuliza kwa Kikikuyu, "Huyu karibu nami ni nani?"

"Ni Guku."

Alikaa kimya muda mrefu, mpaka baba akakohoa. Halafu akasema, "Mimi sishiki uzi hivyo." Akaketi kwenye kiti cha wageni, akavuta gauni kidogo, akanionyesha: uzi wa mkonge husokotwa juu ya paja kwa kiganja, wala si kwa ncha za vidole kama nilivyochora. Alinirudishia mara tatu mpaka akaridhika. Jumatatu niliufuta mkono ule na kuuchora upya.

Jioni mama alimtumia Guku picha kwa simu ya jirani yake. Alipiga baada ya nusu saa, akipiga kelele kama anayeongea kutoka mlima mmoja hadi mwingine. "Mbona umenivika leso ya kijani? Mimi nina leso ya kijani?" Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na umwambie shosho wako asogee. Ameniminya."

Mama aliiweka simu chini akaenda jikoni. Miaka yote niliyoishi, sikuwahi kumsikia Guku akimtaja Shosho, wala kwa wema wala kwa ubaya.

Wenzangu, singependa kuwadanganya kwamba picha imepatanisha watu. Wawili hawa hawajakutana hadi ninapoandika haya, na sijui kama watakutana. Lakini kila mmoja wao ananiuliza habari za ukuta, na kuuliza habari za ukuta ni kuuliza habari za mwenzake. Shosho alitaka kujua kama nimebadilisha ile leso. Nimeibadilisha. Sasa ni ya manjano.

Hapa naweka kalamu yangu chini, ila nina neno kwa vidato vya kwanza na vya pili. Benchi halijajaa. Kule mwisho, karibu na pembe, tumeacha nafasi ya watu wanne au watano, na kopo moja la rangi nyeupe liko stoo kwa mwalimu mlezi. Njooni na watu wenu. Mje pia na msasa, kwa ajili ya ile sehemu ya chini.